Mbuzi anatafuna nguo zote kambani, mbona watoto hawacheki? Naomba msaada wa wanaojua vitabu vya picha

Kamba_Uani

Habari za jioni wadau. Naandaa kitabu cha picha cha watoto wa miaka 3 hadi 5, cha kuchekesha tu. Mama anaanika nguo uani, mbuzi anamfuata nyuma anazitafuna moja moja, mama hana habari. Kisa kikisimuliwa kwa mdomo kinachekesha. Kikisomwa kutoka kwenye rasimu, mtoto anatulia tuli na mzazi anaanza kuruka mistari. Kurasa ni 32, maneno kama 1,100. Ukurasa wa 6 uko hivi:

“Siku hiyo asubuhi na mapema mama alianika soksi nyekundu za Juma kwenye kamba. Hakujua kwamba nyuma yake alikuwepo mbuzi mtundu sana aliyependa kula nguo. Mbuzi yule alizitazama soksi kwa tamaa, akazivuta, akazitafuna zote. Mama hakumwona kabisa kwa sababu alikuwa ameinama.”

Picha inaonyesha mama ameinama kwenye beseni, mbuzi anatafuna soksi.

Naomba kueleweshwa mambo mawili. Ni kitu gani hasa kinachofanya kitabu chenye maneno mia mbili na kichekesho kimoja kisomwe kila usiku wiki nzima, mtoto akitaka tena na mzazi asikichoke? Na hapa kwangu nikate nini? Mchoraji anasubiri.

Mhariri wa Watoto

Mkuu, kisa unacho na mbuzi umempata. Tatizo ni sentensi tatu za mwisho. Zote zinasema kile ambacho picha imeshasema.

Msomaji wako wa miaka minne hajui kusoma. Mzazi anaposoma, macho ya mtoto yako kwenye picha, na kwenye picha yeye ni mwepesi kuliko mtu mzima, kwa sababu mtu mzima ameshikwa na maandishi. Ukiandika “nyuma yake alikuwepo mbuzi”, umemnyang’anya kitu pekee alichokuwa nacho, yaani kumwona mbuzi kabla hajatajwa. Kitabu cha kuchekesha cha umri huu kinamfanya mtoto kuwa mjuzi. Mama kitabuni hajui, mzazi anayesoma anajifanya hajui, yeye anajua. Kutwa nzima watu wazima ndio wanaomweleza mambo, na hapa zamu imegeuka. Hiyo ndiyo raha anayoidai tena na tena. Kujua mwisho hakumharibii chochote, maana raha yake ilikuwa kujua tangu mwanzo.

Mfano wa kuchambua ni *Rosie’s Walk* cha Mwingereza Pat Hutchins, cha mwaka 1968. Kitabu kizima kina maneno 32: kuku anatembea shambani kisha anarudi bandani kula. Nyuma yake mbweha anamwinda kila ukurasa na kila mara anapata ajali. Mbweha hatajwi hata mara moja. Na wa karibu na kwetu ni *Handa’s Surprise* cha Eileen Browne, 1994, kinachotokea Kenya kwa Waluo. Handa amebeba kichwani kikapu chenye matunda saba ya aina saba anampelekea rafiki yake Akeyo. Maandishi yanafuata mawazo yake, atapenda tunda gani, huku picha zikionyesha wanyama wakiyachukua moja moja. Kisome kwa makini kabla ya kuendelea, kwa sababu mwishoni kuna mbuzi pia, anayegonga mti wa machenza na kukijaza kikapu upya. Wako asifanye kazi ileile.

Sasa ukurasa wako wa 6. Ningeuacha hivi:

“Mama anaanika soksi. Moja, mbili.
Anika! Bana! Songa mbele!”

Maneno 9 mahali pa 40. Mbuzi hayumo. Mstari wa pili ndio kibwagizo chako, utarudi kila nguo. Una silabi tisa na vitendo vitatu vya mkono, kwa hiyo mtoto ataufanya kwa vidole kabla hajaweza kuutamka vizuri.

Usijipime kwa hesabu ya maneno ya vitabu vya Kiingereza. “Hakumwona” kwetu ni neno moja, kwao ni sentensi ndogo. Hesabu silabi na pumzi. Mstari wa silabi 8 hadi 14 husomeka kwa pumzi moja hata na mzazi aliyechoka saa mbili usiku. Ukifika 25, mzazi anakata katikati pasipofaa na mdundo unavunjika. Kwa kitabu chako chote ningelenga maneno 120 hadi 200.

Kosa la pili halionekani kwa urahisi. Soksi inaanikwa ukurasa wa 6 na inaliwa ukurasa wa 6. Umeuacha bure mtambo mkubwa kuliko yote kwenye kitabu cha picha, nao ni kufunua ukurasa. Kurasa za kulia ni witiri, za kushoto ni shufwa. Swali liachwe chini kulia, jibu litokee kushoto baada ya kufunua. Kwa kisa hiki ningekwenda mbali zaidi: tendo la kula lisichorwe kabisa. Kwenye kurasa hizi mama anabana soksi na pua ya mbuzi imechungulia pembeni. Funua. Mama yuko mbele anabana shati, nyuma vibanio viwili vinaning’inia vitupu, na ncha ya soksi imetokeza mdomoni mwa mbuzi. Soksi imeliwa wakati mkono wa mzazi unafunua ukurasa. Mtoto ndiye anayeikamilisha kichwani, na akikamilisha mwenyewe anacheka.

Mwalimu wa Awali

Nakubaliana na Mhariri, ila niongeze upande wa umri, kwa sababu miaka 3 na miaka 5 si kundi moja.

Kichekesho cha “mama hajui” kinahitaji mtoto aelewe kwamba mtu mwingine anaweza kuamini kitu kisicho kweli. Uwezo huo kwa kawaida hukaa sawa kwenye mwaka wa nne hivi. Mtoto wa miaka miwili na nusu hataucheka ujinga wa mama. Atacheka kitu kilicho mahali pasipo pake: soksi kwenye pembe, shati la baba shingoni mwa mbuzi. Basi kila ukurasa uwe na vyote viwili. Mdogo acheke pembe iliyovaa soksi, mkubwa acheke mama asiyegeuka. Michezo ya maneno yenye maana mbili mwachie wa shule ya msingi. Hapa itapita juu ya vichwa vyao.

Pia kitu kiwe cha kawaida kabla hakijawa cha ajabu. Mtoto asiyejua mbuzi hula nini hatashangaa akila kikoi. Ndiyo maana ukurasa wa kwanza unahitaji mbuzi anayekula majani kama mbuzi yeyote. Bila huo, ukurasa wa soksi hauna pa kusimama.

Kuhusu kusomewa kitabu kilekile: mzazi asihofu kwamba mtoto amekwama. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex walichapisha mwaka 2011 jaribio la watoto wa miaka mitatu. Waliosomewa hadithi zilezile kwa kurudia walikamata maneno mapya vizuri kuliko waliosikia maneno hayohayo mara zilezile katika hadithi tofauti. Kisa kikishajulikana, akili inapata nafasi ya kushika neno.

Na hapa Kiswahili kina zawadi ambayo waandishi wengi hawaigusi: upatanisho wa ngeli. Mama anapogeuka na kukuta kamba tupu, usitaje nguo. Muulize mtoto kwa ngeli:

“Ziko wapi?”
“Liko wapi?”
“Kiko wapi?”
“Uko wapi?”
“Iko wapi?”

Mtoto anajibu: soksi, shati, kikoi, mtandio, kanga. Kila swali lina jibu moja tu, mradi kila nguo iwe ya ngeli yake na soksi ziwe mbili. Ukiongeza kofia umeharibu, maana itagombania “iko” na kanga. Ukiongeza gauni, litagombania “liko” na shati. Mtoto wa miaka minne anayesikia Kiswahili nyumbani anaijua kanuni hii bila kufundishwa, na ataona fahari kupatia. Mitaa ya Nairobi au Lubumbashi, ambako “iko wapi” hutumika kwa karibu kila kitu, kitendawili hiki hakitafanya kazi kwa sauti peke yake. Huko picha ya vibanio na mabaki ya nguo ndiyo itakayombeba.

Tumia tanakali za sauti, lakini kwa kuchagua. Lugha yetu ina sauti tofauti kwa kila mahali pa kuangukia: mchangani tifu, matopeni pwata, majini chubwi. Beseni likimwagika, “chubwi” moja inatosha. Zikiwa tatu ukurasa mmoja, zinakuwa kelele. Sauti ya kutafuna, “nyam nyam”, ningeiweka.

Mhariri wa Watoto

Mwalimu, hapo kwenye “nyam nyam” nina wasiwasi. Ikiingia kwenye maandishi, maandishi yamekiri kwamba kuna mlaji. Siri imevuja.

Mwalimu wa Awali

Isiwe kwenye mstari wa kusomwa. Iandikwe ndani ya mchoro, kwa herufi za mkono karibu na mdomo wa mbuzi, rangi ileile ya mbuzi. Mzazi anasoma maneno ya mama, mtoto anapewa sauti ya mbuzi. Baada ya usiku wa tatu mtoto anakuwa na sehemu yake ya kusoma ingawa hajui herufi. Darasani inafanya kazi hivyohivyo: mwalimu ni mama, safu nzima ni mbuzi. Ni kama “Paukwa!” na “Pakawa!”, au kule kwingine “Hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea”. Msikilizaji wa Kiswahili amezoea kudaiwa jibu tangu hadithi haijaanza. Kitabu kisichomwachia pa kuitikia anakiona kimya.

Mhariri wa Watoto

Ndani ya mchoro, sawa. Hilo nalikubali.

Penseli na Wino

Nazungumzia picha tu.

Tunasoma kutoka kushoto kwenda kulia, kwa hiyo jicho linatembea upande huo. Mama aanze kushoto na aende kulia. Mbuzi aingie daima kutoka ukingo wa kushoto. Hivyo mgongo wa mama unamwelekea mbuzi bila kulazimisha, na huhitaji sababu ya “alikuwa ameinama”. Akigeuka mwishoni atazame kushoto, kinyume na mwendo wa kitabu kizima. Mtoto atahisi kila kitu kimesimama. Mama akitazama kushoto hata mara moja kabla ya hapo, nguvu hiyo imekwisha.

Kamba ipite kwenye kurasa zote kwa urefu uleule kutoka juu, itoke ukingoni kulia na iendelee ukurasa unaofuata mahali palepale. Kamba yenyewe ndiyo inayomvuta mtoto afunue. Ikipanda au kushuka milimita chache, kurasa zikifunuliwa inaonekana kama imeruka.

Uso wa mbuzi: macho nukta mbili, mdomo mstari mmoja. Jicho la mbuzi halisi lina mboni ya ulalo na linapendeza kuchora, ila kwa ukubwa huu linamfanya aonekane mkali. Asicheke. Mbuzi anayecheka anamwambia mtoto “hiki ni kichekesho”. Anayetafuna kwa utulivu kama hajafanya kitu anachekesha zaidi. Mara moja tu katika kitabu, amtazame msomaji moja kwa moja. Tumboni aongezeke kidogo kila kurasa mbili, na umbo la nguo lionekane kwa nje kidogo: kola ya shati, kisha pindo la kikoi.

Futa mandhari. Rasimu nyingi za kwetu hujaza ukuta, mnazi, jogoo, ndoo, jua lenye miale, majirani watatu. Mtoto hajui atazame wapi na mbuzi anapotea. Ardhi mstari mmoja, kamba, mama, mbuzi, beseni. Mahali peupe ndipo kichekesho kinapoonekana.

Kosa litakaloua kitabu hiki ni hesabu ya vibanio. Tengeneza jedwali kabla ya kuchora: kila kurasa mbili, nini kimeanikwa, nini kimekwisha, vibanio vingapi vitupu, mbuzi ana nini mdomoni. Kila soksi kibanio kimoja, kila nguo nyingine viwili. Soksi mbili, shati, kikoi, mtandio, kanga: vibanio 10. Mama akigeuka, 10 vitupu. Ukichora 9, mtoto wa miaka minne atakuambia, na kuanzia hapo anakagua badala ya kucheka.

Jambo la mwisho, la mzazi. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Jina huandikwa kwa herufi kubwa na mtoto haliwezi, mzazi analiweza. Hapo ndipo unapompa mzazi zawadi yake bila kumgusa mtoto. Ningeandika JAPO SIPATI TAMAA SIKATI, na mbuzi amenyoosha shingo hajafika bado. Ukurasa unaofuata mbuzi ameanza kula kutoka kushoto, imebaki TAMAA SIKATI. Mzazi anacheka peke yake, mtoto anauliza “umecheka nini?”, na hapo wana kitu cha kuzungumza. Kitabu kinachosomwa mara arobaini lazima kiwe na pembe moja ya anayekisoma.

Kamba_Uani

Nashukuru sana wote. Nimekata hadi maneno 104, kurasa 24 na jalada mbali. Mpangilio:

Ukurasa wa 1 jina la kitabu, 2 hakimiliki, 3 mbuzi anakula majani na kamba yake imelegea. 4–5 mama anatoka na beseni. 6–7 soksi. 8–9 shati. 10–11 kikoi. 12–13 mtandio. 14–15 kanga. 16–17 beseni tupu, “Kwisha!” 18–19 mama anageuka, hakuna maneno. 20–21 yale maswali matano. 22–23 “Kesho yake mama akaanika tena. Safari hii mbuzi akafungwa kamba.” 24 mbuzi ameinama, anaona aibu, na maandishi: “Funzo: tusichukue vitu vya watu bila ruhusa.”

Ukurasa wa 24 nimeuweka kwa sababu wanunuzi wengi hupenda kitabu chenye funzo. Je, kibwagizo kikirudi mara tano si kingi?

Mhariri wa Watoto

Mara tano ni ukingoni. Masikio yanajenga desturi kwa marudio mawili, ya tatu yanaithibitisha, kuanzia ya nne yanataka kitu kibadilike. Kwa hiyo soksi, shati na kikoi ziende sawasawa kabisa. Kwenye mtandio badilisha kidogo: “Anika! Bana! …” kisha mama asimame, kana kwamba amesikia kitu. Mtoto atashika pumzi. Funua: “Songa mbele!” Kwenye kanga kibwagizo kisiandikwe kabisa, watoto watakisema wenyewe.

Ukurasa wa 24 uondoe. Kwanza mbuzi hajui ruhusa, na mtoto anajua hivyo. Pili, kwa kurasa 23 ulikuwa upande wa mtoto, sasa umerudi upande wa watu wazima na kumfungia mlango. Mzazi naye anasoma mstari huo kwa sauti ya wajibu, na mtoto anaisikia tofauti. Unayoyatafuta kwa funzo yamo tayari: kuhesabu hadi kumi, ngeli tano, majina ya nguo, kusubiri zamu. Ukipeleka kitabu kuombewa ithibati, Taasisi ya Elimu Tanzania au KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya, hayo yaeleze kwenye maelezo yanayoambatana na maombi, au kwenye ukurasa wa mzazi nyuma ya jalada kwa herufi ndogo. Yasiingie kwenye kisa.

Na mwisho mzuri umeuandika mwenyewe bila kuuona. “Mbuzi akafungwa kamba.” Kamba gani? Picha ya 22–23 ionyeshe mama anapangusa mikono, ameridhika, nguo zote tano zimeanikwa, na mbuzi amefungwa kwa ncha ya kamba ileile ya nguo. Maandishi hayasemi. Mtoto anaifuata kamba kwa kidole kutoka shingoni hadi kwenye kikoi. Funua. Ukurasa wa 24, bila neno: mbuzi anaondoka na nguo zote zinapepea nyuma yake.

Penseli na Wino

Ukurasa wa 24 uko kushoto, kwa hiyo hapo mbuzi aelekee kushoto, atoke nje ya kitabu upande alioingilia. Fundo kwenye 22–23 liwe kubwa na mbali na mkunjo wa katikati. Likiangukia kwenye mkunjo hakuna atakayeliona na mwisho wote umepotea.

Mama wa Ughaibuni

Samahani kudandia. Wazazi wengi huku Ulaya na Ghuba wanatafuta vitabu vya namna hii. Je, kuweka Kiingereza chini ya Kiswahili kila ukurasa kutasaidia watoto wanaochanganya lugha?

Mwalimu wa Awali

Dada, kwa kitabu hiki hapana. Mzazi atasoma mara mbili kila ukurasa, na kichekesho kinachotegemea kufunua kitakuwa kimepoa kabla mkono haujafika kwenye karatasi. Yale maswali ya ngeli nayo hayatafsiriki, yote matano yatakuwa swali moja. Tafsiri, ikihitajika, iwekwe yote pamoja ukurasa wa mwisho kwa ajili ya mzazi. Kitakachomsaidia zaidi mtoto wa huko ni kurasa za ndani ya jalada: nguo tano zimechorwa moja moja na jina lake chini. Huko mtandio na kikoi huenda hajawahi kuviona vikianikwa. Na kwa wasomaji wa Mombasa kumbuka kanga wao wanaiita leso. Bahati nzuri nayo ni “iko”, mzazi atabadilisha akisoma bila kuvunja chochote.

Kuhusu kusoma kwenyewe, hili liandikwe nyuma ya jalada. Mzazi asimwonyeshe mbuzi kwa kidole. Asiulize “unaona mbuzi anafanya nini?” kila ukurasa, hilo ni jaribio la mtihani. Asome maneno kama yalivyo, uso mkavu, ashike kona ya juu ya ukurasa na asubiri kama sekunde mbili kabla ya kufunua. Mtoto akipiga kelele “mbuzi!”, ajibu “mbuzi gani?” na aendelee. Kurasa 18–19 zisizo na maneno, anyamaze kweli. Wazazi wengi hukimbilia kuzielezea kwa kuona aibu ya ukimya.

Fundi Chapa

Kabla hamjapeleka kiwandani. Kitabu cha kushonwa kwa pini katikati lazima kurasa zigawanyike kwa 4, hivyo 24 ni sawa: karatasi 6 zimekunjwa, na jalada la kurasa 4. Kwa watoto hawa pini ni bora kuliko gundi ya mgongoni. Kitabu cha pini kinalala wazi, mzazi anashika kwa mkono mmoja, na picha ya kurasa mbili haimezwi katikati. Cha gundi kinajifunga chenyewe na kikilazimishwa kurasa zinachomoka.

Karatasi ya ndani gramu 130 hadi 150, isiyong’aa, ili taa ya darasani isitoe mng’ao kwa walioketi pembeni. Jalada gramu 250 hadi 300 na leminesheni. Kona zikatwe mviringo. Kona kali huanza kukunjika mapema, na ndizo zinazoingia mdomoni.

Mchoraji aache milimita 3 za ziada nje ya mstari wa kukatia pande zote tatu, na uso au neno lolote lisikaribie ukingo kwa chini ya milimita 10. Kwa kitabu chenu hili ni kubwa kuliko kawaida, maana pua ya mbuzi inachungulia ukingoni kushoto. Kwenye kitabu cha pini kurasa za katikati husukumwa nje kidogo na kisu kinazikata zaidi kuliko za mwanzo. Kurasa zenu za katikati ni 12 na 13. Hapo sogeza pua ndani kwa milimita mbili au tatu zaidi, la sivyo mtandio utaliwa na mbuzi asiyekuwepo.

Kamba nayo: ikivuka mkunjo, kurasa 12 na 13 ziko kwenye karatasi moja, hazitapishana. Kwingine kote ukurasa wa kushoto na wa kulia vinatoka karatasi tofauti, na kukunja kunaweza kutofautiana kwa milimita moja hivi. Kamba nyembamba ya nusu milimita itaonekana imekatika. Ichore nene, milimita 2 na zaidi, au ipitishe kibanio juu ya mkunjo kifiche kiungo.

Kabla ya yote, chukueni karatasi 6 za A4, kunja, piga pini, chora kwa penseli na ubandike maneno. Msomee mtoto hiyo. Pale anapofunua kabla mzazi hajamaliza mstari, mstari huo ni mrefu.

Kamba_Uani

Swali moja kwa Fundi: kibanio juu ya mkunjo kitaongeza hesabu kuwa zaidi ya 10?

Fundi Chapa

Hapana, tumia kimojawapo cha hivyo 10. Kwenye 6–7 kiwe cha soksi ya pili, na kuanzia 8–9 kikae hapohapo kikiwa kitupu.

Penseli na Wino

Hapana, Fundi. Mama anasonga kulia, kwa hiyo kibanio cha soksi kikibaki katikati kila kurasa, itakuwa kamba inatembea naye. Kila kurasa mbili mkunjo ufichwe na kibanio cha nguo inayoanikwa wakati huo: soksi kwenye 6–7, shati kwenye 8–9, na kuendelea. Vilivyotangulia visogee kushoto kwa nafasi ileile kila mara. Kwenye 18–19 ndipo kamba nzima ionekane kwa mbali, na vyote 10.